Sauti ya Pili

Jumatatu hadi Ijumaa naimba namba.
Mwaloni, Kirumba, meza ya tatu kutoka lango la barafu:
mzani kulia, redio kushoto,
antena yake spoku ya baiskeli.
Ikigoma naigeuzia uso ziwani,
kama mgonjwa anayetafuta hewa.
Nyuma yangu korongo wamesimama kama wadai.
Gunia la dagaa likipanda, napaza:
Arobaini na mbili na nusu!
Mteja akibisha narudia, juu zaidi,
mpaka wachuuzi wa sangara wanageuka.

Ndivyo alivyonipata mwalimu Lugembe.
Hakuuliza kama naijua do wala mi.
Alipima kilo zake mbili, akalipa, akasema,
Holo, sauti hiyo inaozea kwenye magunia.

Akaniweka sauti ya pili.
Watu wakitoka kanisani
hupiga mluzi wa sauti ya kwanza.
Ya pili hakuna anayeibeba hadi nyumbani.
Sisi ni yale mawe ya Mabatini:
nyumba inapangishwa,
jiwe lililoibeba halidai kodi.

Jumamosi nafunga saa nane.
Nabadili kanga tu. Harufu ya dagaa nimeiacha ibaki,
limau limeshindwa, sabuni imeshindwa.
Kiwanja cha shule, Igogo. Mstari wa chokaa
umepinda kukwepa mwamba ambao haukuhamishika.
Jiwe Moja dhidi ya vijana wa Kitangiri.
Mwamuzi shati limemzidi,
na filimbi nayo imemzidi.
Dakika ya themanini na tisa: penalti. Si yetu.
Golini Mihayo, mtoto wa jirani yangu,
glavu zake za kubebea matofali.
Nikaliita jina lake kwa mapafu yote mawili,
na kwa lingine niliyeazima sijui wapi.
Akaruka upande usiohusika.
Mpira ukamgonga kisigino, ukatoka.
Sikumbuki nilivyofika katikati ya kiwanja.
Nakumbuka nimeshika ndala moja,
na haikuwa yangu.

Usiku, kwa Mama Nyanzobe,
bendi ya watu wanne na gita moja zima.
Nilicheza rumba mpaka kiatu kikaomba ruhusa.
Mzee wa kanisa alikuwepo, meza ya gizani, na soda yake.
Tulisalimiana kwa nyusi.

Jumapili nikafungua kinywa nimwamshe mwanangu,
ukatoka upepo.
Tangawizi. Chumvi. Maji moto. Upepo.
Nikavaa sare, nikasimama mahali pangu,
mkono wa mwalimu ukapanda,
nami nikachezesha midomo kama sato kwenye beseni.

Miaka sita nasimama pale.
Sikuwahi kuusikia ule wimbo.
Nikamsikia Bhoke, kushoto kwangu,
anavyovuta mwisho wa kila neno
kama anayemshika mgeni mkono mlangoni.
Budeba wa sauti ya tatu, amechelewa, anakimbilia.
Na ile ya nne, ya mlinzi wa benki,
imelala chini kabisa, inapumua.
Halafu, katikati yao, pengo.
Kama jino lililong'olewa juzi:
wimbo ulikuwa unapita, unapagusa, unarudi.
Nikalipima kwa jicho la mzani.
Kumbe nina uzito huo.

Tulipokaa, mwalimu akatoa noti ya wimbo wa pili,
ikatoka mkwaruzo mtupu.
Akakohoa. Akajaribu tena.
Vumbi la kiwanja lilikuwa bado kwenye soli zake,
jekundu, la upande wa Kitangiri.
Sikumtazama. Nilicheka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jumatatu. Mwangaluka, mwangaluka.
Gunia likapanda, nikanong'ona:
thelathini na saba.
Mteja akainama, sikio karibu na mdomo wangu,
akalipa bila ubishi.
Redio inataja matokeo ya mbali, timu za watu wengine.
Naigeuza taratibu kuelekea maji.
Labda watatutaja.