Daftari la Vilivyovunjika

Mimi ndiye mtunza stoo. Kazi yangu kuandika.
Machi tatu: vikombe sita, mpishi kateleza.
Machi kumi: birika la ofisi ya Mkuu, mfuniko tu.
Sahani za plastiki za wanafunzi siziandiki.
Zile hazivunjiki, zinachoka.

Mvua ya Tukuyu haiulizi saa.
Ilikuwa inanyesha alipoingia Mwalimu Gwantwa,
viatu mkononi, akasema:
"Mama Syabumi, naomba vipande."
Vipande vya nini?
"Vyote."

Nikamwambia hata kilichovunjika kina hesabu yake.
Akacheka, akatia sahihi,
akaondoka na madebe mawili na nusu.

Wageni walifika Alhamisi kutoka Karonga,
wamevuka Songwe, mihuri mibichi kwenye karatasi zao,
na kila mmoja na mfuko unaolialia:
chupa za kijani, vigae vya sakafu ya kanisa,
sikio la kikombe cha bibi yake Wezi.

Watoto wetu walisimama upande wa ukuta,
wao upande wa migomba.
Kiswahili chao kifupi,
Kiingereza chetu kina matuta.
Mpaka Lusajo alipojigonga kidole kwa nyundo
akamlaani fundi aliyeibuni nyundo
kwa Kinyakyusa cha nyumbani kabisa,
na ng'ambo ya meza mtu akaangua kicheko
kwa sababu ameelewa.

Basi. Baada ya hapo nani angewanyamazisha?
"Mnasemaje ndizi?" "Na mvua ya mawe?" "Na shemeji?"
Gunia juu ya kigae, nyundo juu ya gunia,
na maneno yanapasuka pamoja na vyombo,
yanalingana, hayalingani, yanakaribia kulingana.

Mtoto wa akina Sanga kutoka Makete
hakuwa na lugha ya hawa wala ya wale.
Alichuchumaa pembeni siku nzima
akipanga pareto kwa vipande vyeupe, ua kwa ua.
Hakuna aliyemtuma.
Hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha.

Hudhurungi ilitoka kwa vyungu vya Wakisi
vilivyofia njiani kutoka Matema.
Kijani, tele. Mlima Rungwe ulipanda kwa siku mbili.
Buluu haikutosha.

Kati ya mlima na ukingo wa ukuta
lilibaki pengo la kijivu, pana kama mlango.
"Hapa tuandike Nyasa," akasema wetu.
"Hapa Malawi," akasema wao.
Chaki huku, chaki kule.
Mwalimu Gwantwa alinyamaza,
nami nilimchukia kidogo kwa kunyamaza kule.
Ni Wezi aliyeziweka chaki zote mfukoni:
"Jina la nini? Maji yenyewe hayapo."

Usiku nilifungua stoo bila kuwasha taa.
Rafu ya juu, sahani kumi na mbili za kaure, buluu,
zimetumika mara mbili:
alipokuja askofu, alipokuja mkaguzi.
Nikazihesabu. Kumi na mbili.
Nikazihesabu tena, kama mtu anayetumaini
zimepungua zenyewe.

Nilichukua gunia.
Miaka kumi na tisa nimeyaandika makosa ya mikono ya wengine.
Sikujua mkono wangu unaipenda sauti ile.

Asubuhi walilikuta debe mlangoni, hawakuuliza.
Ziwa lilijaa kabla ya uji wa saa nne,
isipokuwa kona ya chini, ambako saruji iliwahi kukauka.
Ipo hivyo mpaka leo, tupu,
na alama ya kidole cha Lusajo kilichovimba.

Mimi nikarudi kwenye daftari.
Sahani za buluu: nne.
Aliyevunja: mimi.
Sababu:
Hapo kalamu ilisita. Nikaitikisa, kama wino ndio wenye kosa.
Nikaandika: ziwa.

Mkaguzi atakuja Juni.
Nitampa mwavuli, nitampeleka ukutani,
ahesabu mwenyewe.