Mizani ya Mpima Chai

Miaka thelathini na moja nilipima majani mabichi
kwenye banda la bati chini ya Mlima Rungwe,
kikapu kwa kikapu, mvua kwa mvua.
Nilijua kutoa uzito wa kikapu,
nilijua kutoa uzito wa maji,
na mchumaji akificha jiwe chini ya majani
mkono wangu ulijua kabla ya mshale.

Lakini mfuko huu wa rambo niliupeleka Tukuyu
bila kujua nimebeba nini.

"Njoo na dawa zote," aliniambia Sekela, mfamasia, kwenye simu.
"Zote, mzee. Hata za chini ya godoro."
(Nani kamwambia habari za godoro?)

Dirisha lake nililizoea: tundu dogo, mkono unatoka,
bahasha, moja mara mbili, haya, mwingine!
Siku hiyo alifungua mlango. Palikuwa na kiti.
Akamwaga mfuko mezani kama mtu anayechambua maharage,
akaanza kuuliza polepole, na mvua ikapiga bati
hata ikabidi nijibu kwa sauti kubwa
mambo ambayo mchungaji wangu hajayasikia.

Hii unameza lini? Asubuhi.
Na hii? Asubuhi pia, hiyo ni ya hospitali ya misheni.
Akaziweka sambamba, akanisomea yale maandishi madogo
yanayojibanza chini ya jina kubwa.
"Dawa ni moja, mzee. Majina ndiyo mawili."
Nikacheka. Kanisani mimi ni Yeremia,
nyumbani Ambakisye,
lakini mke wangu hakuwahi kupakua sahani mbili.

Kumbe ndiyo maana miguu ilivimba
hadi gambuti zikanikataa.
Na kwa uvimbe nikapewa kidonge cha kukojoa,
na kwa kukojoa nikawa naamka usiku mara tano,
na kwa kuamka nikateleza njia ya chooni,
na kwa goti nikanunua dukani vile vya njano,
"ambavyo," akasema Sekela, "vinapandisha presha."

Tukatazamana.
Nilikuwa ng'ombe aliyefungwa kwenye mgomba:
anazunguka akidhani anatafuta majani,
kumbe anaifupisha kamba.

Hakufuta kitu kwa kalamu yake peke yake.
Alimpigia daktari, wakavutana kwa adabu,
nikasikia jina langu likienda na kurudi
kama mzigo ambao kila mmoja anataka kuupima tena.
Mwisho, vidonge saba vikawa vitatu.
Akanichorea jua kwenye bahasha moja, mwezi kwenye nyingine.
Nikamwambia najua kusoma.
Akasema, "Najua. Ila saa kumi alfajiri hata mimi sisomi."

Chini kabisa ya mfuko kilibaki kikopo.
Akakigeuza. Hakuwa na haraka.
"Subilaga Mwakyoma ni nani?"

Nikasema alikuwa mke wangu. Mei hii inatimu miaka miwili.
Nikasema hivyo sijawahi kuvimeza.
Halafu nikasema, mara moja tu. Usiku mmoja.
Nilitaka kujua uchungu wake
ulikuwaje ulimini.

Hakunigombeza. Alisubiri mvua ipungue kidogo,
akaniomba ruhusa kama anayeomba maji kwa jirani,
akavimimina vidonge kwenye boksi la vya kuharibiwa,
akakifuta kikopo kwa kitambaa, akanirudishia.
Ubavuni, kwa mwandiko wa Subilaga: *baada ya uji*.
"Hiki," alisema, "hakina tarehe ya kuisha."

Nilipotoka, mfuko ulikuwa mwepesi.
Sikuhitaji mshale.

Goti, kusema kweli, bado linauma.
Nimeshamwambia. Amesema Jumanne,
na nisinunue kitu njiani.