Herufi Moja

Anselmo Iturrioz alianza na maji.
Alikuwa diwani wa Paso Borrego, mji wa kondoo na upepo,
ambako kofia ni ya yule anayewahi kuikimbiza.
Aligombana na bomba la mtaa wa tatu
mpaka likatema kutu, likatema chura, likatema maji.
Tukasema: huyu anaweza.

Tukamtuma baraza la jimbo.
Huko alijifunza kusema "tunalifanyia kazi"
na kununua koti la pili.
Alitujengea ghala la sufu, na daraja zuri
ambalo mto, kwa ukaidi wake, ulilihama mwaka uliofuata.

Ndipo alipoleta bamba la shaba:
majina kumi na moja ya vijana wetu
waliopelekwa vitani visiwani na buti za kiangazi.
Bendi ya zimamoto ikapiga, pazia likavutwa.
Mama alitembeza kidole kutoka juu hadi chini,
akarudi juu,
akashuka tena polepole.
QUILODÁN, RUPERTO.
"Huyu simjui," alisema, wala hakuinua sauti.
"Mwanangu ni Quilodrán."

Iturrioz akaushika mkono wake kwa mikono miwili.
"Wiki ijayo, mama. Ni herufi moja tu."

Wiki ijayo ina miguu mirefu.
Ilipita akiwa naibu gavana,
ikapita akiwa seneta, nywele zimeanza kumkimbia,
ikapita jioni ile tuliyojazana dukani kwa Pugh
kumtazama kwenye televisheni akila kiapo:
Waziri wa Ulinzi,
yeye ambaye hakuwahi kulenga kitu ila mbweha, akamkosa.
Mji mzima ulipiga honi.
Hata mimi nilipiga. Sikatai.

Nilimwandikia barua tisa.
Jibu lilikuja moja, lina muhuri na nembo:
*Mheshimiwa Waziri amepokea kwa heshima kubwa
ombi la familia ya Quilodán.*
Mama alicheka hadi akakohoa.
Akaikunja, akaziba nayo ufa wa dirisha la jikoni.
Hiyo ndiyo kazi ya ulinzi niliyoiona wizara ikiifanya.

Wanasema huko mjini mkuu aliwakagua askari kama anayenunua kondoo,
akitazama meno na miguu.
Majenerali walimcheka kwa adabu, kama wanavyofundishwa.
Alinunua ndege sita; nne ziliruka.
Kuhusu zile mbili palikuwa na maswali, kisha kamati,
kisha Jumanne moja jina lake likasomwa
kati ya habari za mafuta na matokeo ya mpira.

Alirudi kwa basi la usiku.
Hakukuwa na bendi.
Asubuhi alibisha mlangoni kwangu, koti ni lile la kwanza,
mkononi patasi na nyundo ya marehemu baba yake.
"Mama yupo?"
Nikamwambia: tangu baridi ya mwaka juzi, hayupo.
Alitazama chini muda mrefu. Nami sikumsaidia.

Tukaenda uwanjani. Upepo ulikuwa unavuta masikio.
Skrubu zimeshikana na kutu, bamba halitoki,
na kati ya D na Á hapana nafasi hata ya unywele.
Mtu aliyeagiza manowari alipiga magoti,
akachonga r ndogo juu ya mstari,
na chini yake alama ya mshale,
kama mwalimu anavyosahihisha insha.
Ilimchukua saa mbili. Alijikata kidole gumba.

Mbwa wawili walikuja kutazama, wakaondoka.

Nilimpa kahawa. Sikumpa msamaha,
naye, nashukuru, hakuuomba.
Alipokwisha kwenda nilirudi peke yangu,
nikatembeza kidole kutoka juu hadi chini.
Pale kwa Ruperto shaba ilikuwa bado na ncha.
Ikanikwaruza.