Herufi Moja

Faili moja tu, gigabaiti nne,
jina lake data,
kama mtoto wa watu waliochoka kufikiri majina.
Ndani umebanwa mji mzima:
ngazi, kunguru, ukungu, vikohozi vya walinzi,
milango mia sita na sauti kumi na moja za milango.

Emőke anaifungua saa saba usiku, Miskolc.
Tramu ya mwisho imeshapita,
koti la duka la dawa limetundikwa begani mwa kiti.
Waliounda mchezo walifunga kampuni,
wakazima taa, wakaondoka na ufunguo.
Basi anasoma baiti kama apapasaye ukuta gizani:
herufi nne za mwanzo, hiyo ndiyo hodi;
namba inayofuata, hesabu ya vilivyomo;
kisha faharasa, kila kitu kinaanzia wapi, kinaishia wapi,
bila kusema ni kitu gani.

Kufumua si kurarua.

Alimkuta kunguru, picha ya bawa moja,
la pili ni lilelile limegeuzwa.
Akaikuta mvua: sekunde tisa, zikirudiwa milele.
Akakuta faili ya kimya, sekunde mbili,
imeitwa usiguse.
Akaifuta. Mchezo ukagoma kuamka.
Akairudisha. Ukaamka.
Hakuuliza tena.

Alichokitafuta ni kidogo kuliko hayo.
Karatasi ya herufi imo humo,
a hadi z zimepangwa kama sabuni rafuni;
o ipo, na o ya vitone viwili ipo,
ila ile ya mikwaju miwili, ő,
ya jina lake mwenyewe, hakuna.
Miaka kumi na minne mchezo unamwita Em?ke,
alama ya kuuliza katikati ya kifua.

Pembeni palikuwa na alama ya sarafu fulani
ambayo mji ule wa ukungu haujawahi kuitumia.
Akaifuta, akachora juu yake nukta kwa nukta.
Mara ya kwanza ilitoka kama nyusi za mtu aliyeshtuka.
Akapunguza nukta moja. Ikakaa.

Halafu maneno.
Kila sentensi imepimiwa baiti ishirini na nne;
ukizidisha moja, kauli ya mlinzi
inamwagikia kinywani mwa muuza mishumaa.
Na Kihungari kina mikia mirefu.
Alikata, akaunga, akakata,
majira ya baridi yote.

Ila pale darajani, penye mwenye barakoa,
mchezo wa asili ulilazimika kusema uongo:
ulimwita kwa neno la kiume
hadi barakoa ilipovuliwa,
ndipo likaja neno la kike, na sisi tukashangaa.
Kwa Emőke neno ni moja tangu mwanzo.
Ő. Yeye.
Awe mume, awe mke, lugha yake haiulizi,
na siri ikalindwa bila mtu kudanganywa.

Kiraka chake kina kilobaiti arobaini.
Amekipa jina linaloanza na zz
ili kisomwe mwisho,
maana humo ndani asemaye mwisho ndiye anayesikika.

Jumapili, Barnabás, mdogo wake,
anacheza na soksi moja mguuni.
Amefika darajani. Ukungu. Bawa lilelile, mara mbili.
"Nani huyo?" anauliza.
Emőke anamenya chungwa.
"Soma," anamwambia.