Maji Meusi

Wanashuka basi la saa nane, Alhamisi,
masanduku ya magurudumu yakigugumia kwenye changarawe:
mfamasia wa Nagoya na dada yake, wasiosemezana,
kijana wa kamera anayeuliza tayari mtandao unashika wapi,
na mzee Igarashi, zamani mwendesha ishara za reli,
mkono wa kulia mfukoni.
Nyuma yao wengine wanne.
Mimi nahesabu vichwa, napima mchele.

Hapa palikuwa shule ya msingi ya kijiji chetu.
Watoto waliisha mmoja mmoja, kama meno.
Ubao upo bado. Ndoano za mikoba ziko chini,
kimo cha mtoto wa miaka saba,
na wageni huinama kutundika makoti.

Siku ya kwanza Bi Kuwabara hatoi karatasi.
Anagawa jiwe, kijiti cha wino, matone ya maji.
"Sageni."
Wanasaga, saa nzima, shh, shh,
mpaka darasa linanuka masizi ya msonobari.
Kijana wa kamera anauliza: wino wa chupa hauuzwi?
"Unauzwa. Duka liko karibu na stesheni.
Basi la kurudi ni saa kumi na moja."
Kijana anasaga.

Siku ya pili ni moja.
Moja kwetu ni mstari uliolala, basi:
unaingia, unakwenda, unatua.
Dada mtu anaandika moja mia mbili, zote kama panga.
Igarashi anautoa mkono mfukoni.
Kiharusi, mwaka juzi. Najua kwa sababu nilisoma fomu yake;
alikiandika kwenye nafasi ya vyakula visivyomfaa,
hakuona pengine pa kukiandika.
Brashi inatetemeka kabla haijagusa kitu.
Bi Kuwabara, ambaye wengine huwashika kiwiko,
amesimama nyuma yake, mikono mgongoni,
hata chai niliyomletea ikapoa.

Usiku naosha brashi.
Hakuna anayelipia kozi ya kuosha brashi,
lakini ndipo ninapowajua watu:
huyu kakandamiza, manyoya yamepasuka njia mbili;
huyu aliogopa, wino haukupita ncha.
Maji meusi yanafuata mtaro hadi shamba la figili.
Figili hazijali. Zinatoka nyeupe vilevile.

Siku ya tatu, mianzi.
Siku ya nne, mlima na ukungu wake.
Mwalimu anasema ukungu hauchorwi.
Dada mtu anauchora.
Mfamasia anacheka, na yule anamgeukia, anamwambia, "Nini?"
Neno la kwanza tangu Nagoya.

Karatasi zilizotupwa ni zangu.
Zinawasha tanuri la bafu; kila jioni wanazama hadi shingoni
katika maji yaliyochemshwa kwa makosa yao
na wanasema, aa, maji ya mlimani ni tofauti.

Jumapili usiku nimepiga magoti mbele ya tanuri
na mkononi ninayo moja ya Igarashi.
Inapanda, inayumba, inasita, inashuka, inaendelea.
Nje kulikuwa giza, lakini sikuhitaji dirisha.
Ni kilele cha nyuma ya jiko langu, miaka arobaini na moja nakitazama
nikiosha mchele; hata lile pengo
palipomomoka mwaka wa mafuriko.

Sikuichoma.

Asubuhi kila mgeni nampa tonge la wali wa safarini,
plamu ya chumvi katikati, mwani kiunoni, jani la mwanzi.
La Igarashi nililizungushia tena ile karatasi, wino upande wa nje.
Njaa huwapata baada ya handaki la pili.
Labda ataona. Labda atafutia vidole,
aikunje, aitie pipani stesheni.
Hayo nayo ni matumizi ya karatasi.

Basi likapinda kwenye daraja.
Nikarudi ndani. Ndoo ilikuwa na brashi nane,
na Alhamisi wanakuja kumi.