Risasi ya Kulehemu

Jinja, Februari 1986

Mwalimu Ligaya aliingia na redio kifuani
kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.
Mwaka wa nne alikuwa akiwafundisha watoto wetu hesabu
pale Walukuba, na Kisoga chake
kilikuwa safi kuliko Kiswahili changu,
maana Kiswahili mimi nilijifunzia vizuizini:
Simama. Lala chini. Kipande kiko wapi?

"Fundi Mugoya," akasema, "kwetu kumechafuka.
Naomba Manila kabla ya jioni."
Kana kwamba Manila naiweka rafuni.

Haukuwa umepita mwezi tangu vijana wa mabuti ya mpira
waingie mjini kwa mstari, kimya,
wengine bunduki zikiwagonga magoti.
Waliokimbia walimwaga njiani magwanda,
kofia, viatu vya ngozi, kitanda cha mtu,
na friji moja iliyokosa nguvu ya kuendelea na safari.

Nikaifungua. Waya mmoja umeng'oka, basi.
Nikapasha kichomeo kwenye makaa
(umeme ulikuwa umekwenda kwao),
nikamwomba anishikie kipande cha risasi.
Akaurudisha mkono. "Risasi?"
"Hii ni ya kulehemu."
Jina moja, vitu viwili.
Lugha ilifanya ubahili hapo.

Betri nne, zilizoanikwa juu ya bati tangu asubuhi,
zikakubali kuamka.
Redio ikakoroma, ikapiga chafya,
kisha Mwingereza akaongea ndani yake polepole:
barabara pana, watu kama siafu,
watawa wamepiga magoti mbele ya vifaru,
rozari mkononi. Mama mmoja amempa askari mkate.
Askari ameupokea.

Hapo niliongeza sauti.
Askari ameupokea.

Tena: mnara wa redio yao umevunjwa,
lakini sauti ile ile inaendelea
kwenye mtambo wa kuazima.
"Wa kilowati ngapi?" nikauliza. Ufundi ni ugonjwa.
Mwalimu hakunisikia. Alikuwa anahesabu kwa vidole,
yeye mwenye kukataza vidole darasani:
kaka, shangazi wa Quezon, binamu wawili barabarani,
na binamu wa tatu ndani ya kifaru.

Jumanne, kwetu magharibi, kwao usiku,
tukasikia mkubwa wao amepanda helikopta.
Alilia, akacheka, akaniomba maji.
Viatu tulivisikia baadaye,
chumba kizima cha viatu vya mke wa mkubwa,
na mimi nikakumbuka mabuti yaliyotupwa njia ya Iganga
yakitazama kila upande.
Kumbe mbio haziulizi cheo.

Alipokuja kulipa, macho yakampanda rafuni.
Redio saba, kila moja na kikaratasi chake.
"Hizi hazijapona?"
"Zimepona. Wenyewe ndio bado."

Akasoma majina kwa sauti, kama anaita mahudhurio:
Isabirye. Nakalo. Byekwaso. Okwerede.
Alipotaja jina aliacha nafasi,
ile nafasi ya mtoto kusema nipo.
La saba lilikuwa la ndugu yangu, Kirunda,
kwa mwandiko wangu, mwaka themanini na tatu.
Akakipangusa kikaratasi vumbi kwa kidole gumba.
"Shuleni," akasema, "sifuti jina la mtu
kwa sababu ya kuchelewa."
Akaondoka na redio yake, ikiongea kwapani.

Sikuwa hata nimezima kichomeo.
Mlangoni amesimama kijana wa mabuti ya mpira,
bunduki begani, ndevu hazijaamua,
ananyoosha kiredio kilichofungwa kwa kamba ya mgomba.
"Mzee, hii haisemi. Tafadhali."

Tafadhali.
Neno hilo nililijua kwenye kitabu tu.
Sikumtazama. Niligeuza kiredio, nikakitikisa,
kitu kidogo kikalia ndani.
Nikachukua kikaratasi, nikailowesha kalamu ulimini.

"Jina?"