Kati ya Sita na Saba

Lifti imegoma kati ya sita na saba.
Dzidra, koti limefungwa hadi kidevuni,
ana riwaya mbili za kurudisha maktaba ya Riga.

Katika ya kwanza vijana wanauponda mtambo kwa nyundo,
kisha wanagombania mpini.
Katika ya pili haasi mtu:
mtambo unakosea jina la mwashi mmoja,
na mji mzima unamwita kwa kosa hilo,
hata mamake.

Alikesha na ya kwanza.
Ya pili aliiona chumvi tupu.

Spika inakohoa: "Umeamkaje, Bwana Krauklis?"

Mumewe. Tangu Machi yuko chini ya misonobari.

Kidole chake ki juu ya kengele ya dharura.
Anakiondoa.
"Salama," anajibu. "Niulize tena."